Kisiki Hapiti Mlango wa Bure

Lucius Tarpley hakuwa mtu wa kuonekana. Hilo lieleweke kwanza. Ungeweza kumwangalia uwanjani mchezo mzima, na mwili wake wote ule, ukatoka hujui kafanya nini. Watu wa Birmingham, Alabama, walioshangilia timu yao ya mpira wa Kimarekani, Wahunzi, miaka yote walijua majina ya wanaorusha, wanaodaka, wanaokimbia. Wakifika kwa Lucius wanasema, "Yule mnene wa katikati." Basi.

Kazi ya mnene wa katikati ni hii. Kabla mpira haujaanza anainama, mkono mmoja chini kwenye nyasi, uso kwa uso na wazuiaji wa timu nyingine. Mpira ukitoka tu, wanamrukia watu wawili, kila mmoja mzito kama yeye. Wanataka kumng'oa pale ili mwenzao apite na mpira. Yeye anatakiwa asing'oke. Hakimbii, hadaki, hafungi. Anakaa. Na akishawashika wale wawili, mlinzi mwepesi aliye nyuma yake anabaki hana wa kumgusa. Huyo ndiye anayekwenda kumwangusha mwenye mpira, uwanja unalipuka, spika zinataja jina. Jina la yule wa nyuma. Lucius wakati huo yuko chini ya rundo, mtu kamkalia shingo, nyasi ziko mdomoni.

Wenzake walimwita Kisiki, na hakuna aliyemwita hivyo kwa dharau.

Ugumu ule aliutoa kwao, Uniontown, kwenye mabwawa ya kambare. Shule ikifungwa alikuwa anavuta nyavu, tope mpaka kiunoni, na tope la Alabama halina adabu: ukisimama wima linakulaza, ukishusha makalio chini linakusikiliza. Mama yake, Ernestine, alikuwa kiwandani anachuna kambare hao hao. "Mwanangu mimi hana mbio," alikuwa anawaambia akina mama wa kanisani, "lakini hebu msukumeni muone."

Wakamsukuma wengi. Chuoni hawakumtoa. Lakini siku ambayo timu kubwa zinachagua vijana, nyumba ya Ernestine ilijaa ndugu na sahani za kuku wa kukaanga, macho yote kwenye televisheni, na jina la Lucius halikuitwa. Walikaa mpaka shangazi mmoja akaanza kukoroma kwenye kiti. Timu ya kwanza iliyomwokota ilimtupa kabla msimu haujaanza. Alipigiwa simu anajaza mafuta kwenye gari. Timu ya pili ilimtuma mtu wa ofisini, akamkuta mezani na kijiko mkononi. "Kocha anakutaka. Njoo na vitu vya timu." Kila mchezaji anayajua maneno hayo. Ukiambiwa ubebe vitu vya timu, umekwisha. Lucius alipotoka kwa kocha, teksi ya uwanja wa ndege ilikuwa ishafika. Walimwambia dereva kabla hawajamwambia yeye.

Birmingham ndiyo iliyompa nafasi, akakaa misimu tisa. Na misimu yote hiyo alikuwa anataka kitu kimoja. Sio kombe. Sio jina kwenye spika. Alitaka siku ya kuondoka aondoke kwa mdomo wake mwenyewe. Asitumiwe mtu. Asikutwe na kijiko mkononi.

Sasa ikafika Agosti ya msimu wa kumi, goti la kushoto linalia kila akipanda ngazi, na timu ikamleta Dontavion Sapp.

Sapp alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, mpana kama mlango wa ghala, na mbio anazo. Mnene mwenye mbio! Makocha walikuwa wanamwangalia kama watoto wanavyoangalia keki. Na nafasi ya mnene wa katikati kikosini ilikuwa moja.

Kambini vijana wapya wanabeba vifaa vya wakubwa. Ndivyo ilivyo. Jua la Birmingham mwezi huo linachoma mpaka nyasi zinatoa harufu ya mkate, na Sapp anapanda kilima na mabega ya plastiki ya kujikingia ya Lucius kifuani, yake mgongoni.

"Mzee, haya nayabeba mpaka wapi?"

"Mpaka nitakaposema basi."

"Mbona mazito hivi?"

"Sio uzito huo. Jasho. Tena la mwaka juzi."

Emmett Oglesby alikuwa nyuma yao anacheka. Emmett ndiye yule mlinzi mwepesi anayekaa nyuma ya Lucius, ambaye jina lake watoto wa Birmingham wanalivaa mgongoni. Kila aliyemwangusha, alimwangusha kwa sababu Lucius alikuwa ameshawashika wawili. Alijua hilo. Kila mwaka alikuwa anamtumia mama Ernestine nyama ya nguruwe ya Krismasi bila kusema kwa nini.

"Dogo," Emmett akamwambia Sapp, "na jioni unapanda juu ya kiti unatuimbia. Usituletee wimbo wa kanisani tena. Jana ulimkosea Mungu pale."

Kulikuwa na desturi nyingine, na hiyo ndiyo ngumu. Mkubwa anamfundisha mdogo aliyekuja kuchukua nafasi yake. Haijaandikwa popote, na wako wanaojifanya hawaijui, lakini watu wakigundua umeikwepa, hata aliyekaa karibu nawe kwenye chakula anahama. Lucius hakuikwepa. Kila baada ya mazoezi alikuwa anabaki na Sapp, wawili tu, wameinama kwenye nyasi.

"Mwangalie kucha," alimwambia. "Mkono wake uko chini, siyo? Kucha zikiwa nyeupe, kaegemea mbele, anakuja kukusukuma. Zikiwa na rangi yake, kakalia makalio, anarudi nyuma kumlinda mrusha mpira."

"Kucha tu?"

"Kucha tu. Mdomo wake unaweza kukudanganya. Wengine wanakutukania mama ili usiangalie mkono."

"Na nikikuta hakuna anayenizuia? Nimepita bure?"

"Simama."

Sapp akacheka. "Nisimame? Mrushaji yuko pale mbele yangu, peke yake, halafu nisimame?"

"Dogo, wale watu wanalipwa kukuzuia. Wakikufungulia mlango, ujue mmoja wao yuko pembeni ya mlango anakusubiri. Wewe ukikimbilia ndani, anakubamiza ubavuni, na pale ulipotoka pamebaki shimo. Mwenye mpira anapita hapo hapo. Wakikuachia, piga goti, ziba shimo, subiri wa pembeni aje."

"Sawa, mzee," Sapp akasema, kwa sauti ile ya mtu anayesema sawa.

Emmett alikuwa anamsubiri Lucius bafuni. "Unamnolea mtu kisu, na shingo unaijua ni ya nani."

"Akae na kisu butu?"

"Ndiyo! Mwaka huu akae nacho butu. Kisiki, bwana, una roho ya ajabu wewe."

Wiki ya mchezo wa mwisho wa majaribio, uliopangwa Alhamisi, wakala wake akapiga simu. Lucius alikuwa amekaa kwenye pipa la barafu mpaka kiunoni.

"Nakuambia ukweli kwa sababu nakuheshimu," wakala akasema. "Ofisi wanaangalia nani kamwangusha mrushaji. Wewe kwa hesabu zao hufanyi kitu. Sapp ana mbio, ana miaka ishirini na miwili. Alhamisi achana na kukaa. Kimbia. Mwangushe mtu mmoja, kamera ikuone, tupate cha kuongea."

"Nikikimbia, Emmett anabaki na nani mbele yake?"

"Emmett ana mkataba. Wewe huna."

Lucius akakata simu. Lakini maneno yale yalimwingia, tusidanganyane. Alikwenda nayo kitandani, akaamka nayo. Misimu tisa anashika watu ili wengine waitwe majina, na sasa mchezo mmoja tu wa kujifikiria mwenyewe, kuna ubaya gani? Alhamisi akiwa anafungwa bandeji gotini alikuwa ameshaamua. Akipata upenyo anakwenda.

Waliocheza nao walikuwa Mabaharia wa Memphis. Kipindi cha kwanza aliingizwa Sapp, na mapema tu kijana akamzunguka mzuiaji kama anazunguka nguzo, akambeba mrushaji mzima mzima na kumlaza. Uwanja ukasimama. Sapp akacheza ngoma yake fupi ya mabega, spika zikataja Sapp, na Lucius kwenye benchi akapiga makofi kama watu wengine.

Memphis hawakuwa wajinga. Waliona njaa ya mtoto. Mpira ulipoanza tena, wazuiaji wawili wa mbele yake wakajitenga mmoja huku mwingine kule, kama watu wanaompisha bwana harusi. Sapp akapita. Alipita kwa furaha! Hatua kadhaa hivi, mikono juu, halafu mzuiaji aliyekuwa ametoka upande wa pili akaja mbio akamgonga ubavuni, miguu ya Sapp ikaonekana juu, kichwa chini. Mrushaji akampa mwenzake mpira, naye akapita kwenye shimo lile bila kuguswa na mtu, akakimbia mpaka mwisho wa uwanja.

Kocha Wojcik, mwalimu wa wanene, mzee wa kutafuna tumbaku, aliitema yote chini. "Sapp! Ulikuwa unakwenda wapi? Chooni? Si ungeomba ruhusa!"

Sapp akaja kukaa kando ya Lucius, anapumua kama injini mbovu.

"Uliniambia nisimame."

"Nilikuambia."

"Nilimwona, mzee. Niliona mpaka macho yake. Miguu ikaenda yenyewe."

"Najua," Lucius akasema. Na kweli alijua, maana miguu yake mwenyewe siku hiyo ilikuwa inataka kwenda.

Akaingia kipindi cha pili. Watu wawili juu yake, anakaa. Watu wawili, anakaa. Goti linawaka moto. Mara mbili Emmett akaangusha mtu, mara mbili spika zikamtaja Emmett. Upenyo haukuja, na saa ya uwanjani ilikuwa inakwisha. Wahunzi walikuwa mbele kwa alama chache tu, na Memphis wamefika yadi mbili kutoka mstari wa mwisho. Wakiingia wameshinda. Nafasi yao ya mwisho hiyo.

Mzuiaji wa Memphis aliyekuwa mbele yake alikuwa kijana mwekundu mwenye ndevu za mbuzi. "Babu, bado uko hai? Nyumbani wanajua umetoka?"

"Wanajua," Lucius akasema. "Bibi yako ndiye kanipa lifti."

Akaangalia kucha. Zilikuwa na rangi. Sio weupe wa kusukuma. Anarudi nyuma. Mrushaji atabaki na mpira.

Mpira ukatoka. Ndevu za Mbuzi akasogea kulia, mwenzake akasogea kushoto, na mbele ya Lucius pakawa peupe. Mwisho wa upeupe huo alisimama mrushaji wa Memphis, mpira mkononi, kifua wazi. Hatua mbili tatu tu. Hata mtu mwenye goti bovu angemfikia. Kamera zote ziko pale. Mwaka mzima wa kazi umesimama pale unamwangalia.

Lucius akapiga hatua moja.

Halafu akakosa kitu. Misimu tisa, kila mpira, kulikuwa na pumzi ya mtu shingoni mwake, harufu ya mtu, kofia ya mtu inamkwaruza kidevu. Sasa hakuna. Kimya kile kikamtisha kuliko kugongwa. Na nyuma yake, hakuhitaji kugeuka, alijua Emmett amesimama akiamini kwamba mbele yake kuna Kisiki.

Akaangusha goti. Lile bovu, ndilo lililokuwa karibu na ardhi. Akashusha makalio, akageuza bega la kushoto, na mzuiaji wa pembeni akamfikia kwa kasi yote. Alikuja kumgonga mtu aliyesimama anakimbia, akakuta jiwe. Akapaa juu ya mgongo wa Lucius, akamwangukia Ndevu za Mbuzi, mwenzao wa tatu akajikwaa kwao, na pale palipotakiwa kuwa na shimo pakawa na kilima cha watu. Mrushaji alikuwa ameshamkabidhi mkimbiaji wake mpira, na huyo akaja kichwa chini, ameshaambiwa njia iko wazi, akagonga kilima. Emmett akamshukia kutoka juu.

Spika zikapiga kelele: Emmett Oglesby!

Chini kabisa ya rundo, Lucius alikuwa anacheka na nyasi mdomoni. Halafu akakumbuka wakala, akaacha kucheka. Kwenye hesabu zao alikuwa hajafanya kitu. Emmett akambusu juu ya helmeti, akamvuta kusimama, na goti lilikataa, wakatoka wamekumbatiana kama walevi.

Kesho yake asubuhi ndiyo siku ya kupunguza watu. Ukumbi wa chakula ulikuwa na mayai, mikate midogo ya moto na mchuzi mweupe, na hakuna aliyekuwa na njaa. Mtu wa ofisini wa Birmingham, mrefu na mpole, alikuwa anatembea kati ya meza, na kila meza aliyoipita watu walipumua. Akasimama nyuma ya Lucius.

"Tarpley. Kocha mkuu anakutaka."

Lucius alikuwa ameshika kijiko. Akakiweka chini taratibu. "Nibebe vitu vya timu?"

"Hakusema."

"Hakusema nibebe, au hakusema nisibebe?"

"Hakusema, bwana. Mimi naomba uende tu, unanipa taabu."

Sapp, meza ya pili, aliinamisha kichwa kwenye sahani. Emmett akasimama kama anataka kwenda naye, Lucius akamkalisha kwa mkono mmoja.

Kocha mkuu, Randall Pickens, hakuwa mtu wa maneno matamu. Wojcik alikuwa kona ya ofisi na kikombe chake cha kutemea.

"Nafasi ni moja," Pickens akasema. "Ofisi wanamtaka Sapp."

"Nimesikia."

"Huyu mzee hapa," akamwonyesha Wojcik, "ameniambia ukitoka na yeye anatoka, anakwenda kuuza mitumbwi."

"Ya injini," Wojcik akasema.

"Sapp tunaweza kumweka na kikosi cha mazoezi. Yeye ana muda. Wewe ukitoka umetoka. Sasa mimi nimeamua ubaki, ila sikudanganyi, Lucius. Kila siku utakuwa naye, na siku atakayokuwa tayari, hata iwe Novemba, nitakuita hapa. Unabaki au unaondoka sasa hivi kwa heshima zako?"

Angeweza kusema naondoka. Mlango ndio huo, tena kwa mdomo wake. Watu wengine wangeuona mzuri. Lakini Lucius alijua kuondoka kwa sababu unaogopa kuitwa ni sawasawa na kuitwa.

"Nabaki," akasema. "Ila ukifika wakati, usinitumie yule mrefu. Njoo mwenyewe."

"Siwezi kukuahidi. Siku hizo zinakuwa na mambo mengi."

"Basi sitakupa sababu."

Na hakumpa. Msimu ule ndio watu wa mpira wanaousimulia mpaka leo, wale wanaojua. Kila Jumatatu walimtoa maji gotini, kila Jumatano alikuwa kwenye nyasi na Sapp, kucha, makalio, goti chini, kila Jumapili watu wawili juu yake na hang'oki. Ilipita Septemba hakuitwa. Novemba ikaja na mvua yake ya baridi. Timu tatu mfululizo hazikupata njia ya katikati, hakuitwa. Alianza kuona wazuiaji wa timu nyingine wakitaka wampelekee mtu wa tatu. Watatu, kwa mtu mmoja! Spika hazikusema kitu. Emmett akaitwa mlinzi bora wa ligi, akapewa maikrofoni, akasema, "Mimi nasimama tu nyuma ya ukuta, ukuta wenyewe haupendi kuongea." Ernestine aliitazama picha hiyo Uniontown, akawapigia simu akina mama wote wa kanisani, mmoja mmoja.

Januari walifika mchuano wa mtoano na wakatolewa kwa teke moja la mwisho lililopita katikati ya nguzo. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo yalisikika maji ya bafu tu. Pickens alisema machache, akamaliza. Kabla watu hawajaanza kufungua kamba za viatu, Lucius akasimama juu ya kiti chake, kikalalamika.

"Mimi nimemaliza," akasema. "Sio msimu. Mpira. Hakuna aliyeniita, hakuna aliyeniambia. Nawaambia mimi."

Emmett akaanza kulia hadharani, mtu mzima mwenye tuzo.

"Unalia nini?" Lucius akamwambia. "Sapp yupo hapo. Anakaa sasa. Nimemwona wiki nzima, anakaa."

Pickens akasogea kati ya watu mpaka mbele yake. "Lucius. Mimi nilikuwa nakuja kwako wiki ijayo. Mwenyewe. Nikuombe urudi mwaka mmoja tena, na ofisi wameshakubali."

Lucius akateremka kwenye kiti, kwa taabu, akimshika kocha bega.

"Najua," akasema. "Ndiyo maana naondoka leo."

Jezi za wanene zinabana, mtu hawezi kuzivua peke yake. Lucius akainama, akanyoosha mikono mbele, akangoja. Emmett hakuweza, macho yalikuwa yamejaa. Sapp ndiye aliyekuja, akashika pindo kwa mikono miwili.

"Vuta, dogo," Lucius akasema kutoka ndani ya kitambaa. "Usinibembeleze."

Sapp akavuta.